Mashine ya Kadi, Stika ya QR, Kisanduku cha Sauti au Menyu ya Simu: Kipi Kinalifaa Duka la Pesa Taslimu?

Wanaouza vifaa vya malipo humwonyesha mwenye duka kitu kimoja tu: mteja anagusa kadi, mashine inalia, risiti inatoka. Karibu kila kifaa kinaiweza kazi hiyo. Kizuri na kibaya hutengana pale mtandao unapokatika mteja akiwa ameshaweka namba ya siri, foleni imefika mlangoni, na hakuna anayejua kama pesa imetoka au haijatoka. Tathmini hii inavipima vifaa vinne kwa kigezo hicho kwanza. Kigezo cha pili ni kile ambacho maofisa mauzo hukipita mbiombio: pesa iliyolipwa leo asubuhi itaweza kununua mzigo lini?

Duka linalozungumziwa ni lile linaloishi kwa taslimu. Wateja wengi hulipa kwa noti na sarafu, muuza jumla anataka hela mkononi, vibarua hulipwa jioni, na faida kwa kila bidhaa ni nyembamba. Duka kubwa lenye kaunta kumi na mhasibu wake lina maswali mengine.

Mashine ya kadi ndiyo yenye mengi ya kuharibika, kwa hiyo itachukua nafasi kubwa. Ile ya kawaida ya mkononi husoma kadi kwa njia tatu: mwanya wa chipu, mfereji wa utepe wa sumaku, na sehemu ya kugusa ambayo mara nyingi iko juu ya skrini. Kugusa hutumia redio ya megahezi 13.56, na umbali wake ni kama sentimita 4. Anayeipunga kadi hewani hasomeki, anayeiondoa kabla ya mlio hasomeki, na aliyeweka kadi mbili kwenye pochi moja ama anakataliwa ama inasomwa ile asiyoikusudia. Mwambie aitoe kadi na aitulize hapo hadi mashine ilie. Utepe wa sumaku ni wa kukwepa. Data yake hunakiliwa kirahisi, na kwa kanuni za mitandao mikubwa ya kadi (kama Visa na Mastercard), duka lenye mashine isiyosoma chipu likipokea kadi ya chipu kwa utepe na ikabainika ni ya bandia, hasara kwa kawaida huangukia upande wa duka na benki yake, si benki iliyotoa kadi. Ukipewa mashine ya zamani ya utepe pekee, irudishe hata kama ni ya bure.

Sasa kukatika kwa mtandao. Ombi la malipo hutoka kwenye mashine, hupita benki ya duka, kisha mtandao wa kadi, hadi benki ya mteja. Jibu hurudi kwa njia ile ile. Mtandao ukikatika wakati ombi linakwenda, hakuna kilichotokea. Ukikatika wakati jibu linarudi, benki ya mteja imeshakata pesa ila mashine haina habari. Mashine husubiri, mara nyingi kati ya sekunde 30 na 60, kisha huandika kuwa muamala umeshindikana na kuandaa ujumbe wa kubatilisha. Ujumbe huo nao unahitaji mtandao! Usipokuwepo, unakaa kwenye kumbukumbu ya mashine ukingoja. Hapo ndipo ugomvi unapoanza: simu ya mteja imeita na kumwambia ametozwa, mashine inasema imeshindikana, na wote wawili wanasema kweli.

Kosa linalofanywa na wauzaji wengi ni kurudia muamala papo hapo, au kuizima mashine na kuchomoa laini wakidhani wanaisaidia. Kurudia kunaweza kumkata mteja mara mbili. Kuizima kunachelewesha ubatilisho ambao ungemrudishia pesa. Iache ikiwa imewashwa. Chapisha karatasi ya muamala ulioshindikana, au andika saa, kiasi, tarakimu 4 za mwisho za kadi na namba ya rejea, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 12. Mtandao ukirudi, chagua kwenye menyu kupima mawasiliano, au fanya muamala wa mteja anayefuata, kwa kuwa mashine nyingi hutuma ubatilisho uliokwama kabla ya kupeleka ombi jipya. Na mzigo usitoke kwa kuangalia ujumbe wa simu ya mteja peke yake. Ubatilisho ukifika, pesa itarudi kwake na bidhaa utakuwa umeshaitoa.

Mashine bora huandika sababu ya kukataliwa kwa maneno. Ile ya hovyo hutoa namba tu. Bandika namba hizi kaunta: 51 ni salio halitoshi, 55 ni namba ya siri imekosewa, 75 ni namba ya siri imekosewa mara nyingi mno, 54 ni kadi iliyoisha muda, 61 ni kiasi kimevuka kikomo, 91 ni benki ya mteja au mtandao wa kati haupatikani, na 05 ni benki imekataa bila kueleza. Mteja aliyepata 91 hana kosa lolote. Asubiri kidogo au atoe kadi ya benki nyingine. Aliyepata 05 hata akirudia mara tano hatasaidika, apige simu benki yake. Muuzaji asiyejua tofauti hizi huwaambia wote, kwa sauti, kwamba kadi haina hela. Wateja wa kadi hupotea namna hiyo, na makosa yakasukumiwa mtandao.

Kuna mashine zinazokubali malipo bila mtandao na kuyatuma baadaye. Uliza ni nani anabeba hasara iwapo benki ya mteja itakataa mtandao utakaporudi. Jibu la kawaida ni duka. Tumia njia hiyo kwa kiasi kidogo na kwa mteja unayemfahamu, au ifungwe kabisa.

Karatasi ya risiti ni ile inayochapika kwa joto, na rola za mashine za mkononi mara nyingi zina upana wa milimita 57. Upande mmoja tu ndio una dawa. Ukiiweka kinyume, mashine inatoa karatasi tupu na muuzaji anaanza kulaumu printa. Jaribu kwa ukucha: kwaruza, upande unaotoa mstari mweusi ndio unaopaswa kutazama kichwa cha kuchapia. Joto na jua hufuta maandishi hayo, kwa hiyo risiti ya muamala wenye mgogoro ipigwe picha siku hiyo hiyo. Madai ya mteja anayepinga malipo yanaweza kufika hata baada ya siku 120, na kufikia hapo karatasi iliyokaa dirishani itakuwa nyeupe.

Betri ikikaribia kuisha, printa ndiyo hugoma kwanza kwa kuwa ndiyo inayovuta umeme mwingi kwa mpigo. Malipo yanapita, risiti inakwama katikati. Jambo lisilosemwa na muuzaji wa mashine ni hili: ndani kuna ulinzi unaofuta funguo za siri (tarakimu za kuficha taarifa za kadi na namba ya siri) kifaa kikifunguliwa, na kwenye mashine nyingi ulinzi huo unategemea betri ndogo ya kifungo. Mashine iliyoanguka vibaya, au iliyosahauliwa kabatini kwa miezi mingi bila chaji, inaweza kuwaka ikionyesha onyo la kuingiliwa na kukataa kazi. Fundi wa simu hawezi kuitibu. Akiifungua ndiyo anaimaliza. Inarudi kwa mtoa huduma kupakiwa funguo upya, na duka linakaa bila mashine siku zote hizo. Ndiyo maana muda wa kubadilishiwa mashine mbovu ni muhimu kuliko rangi ya skrini yake. Angalia pia inashika mtandao wa kizazi gani. Kampuni za simu katika nchi nyingi zimezima au zinaendelea kuzima mitandao ya 2G na 3G, na mashine isiyoshika 4G inaweza kubaki pambo.

La mwisho kuhusu mashine: kufunga hesabu ya siku. Baadhi hufunga zenyewe usiku, nyingine hungoja muuzaji abonyeze. Isipofungwa, mauzo ya siku hiyo hayapelekwi kulipwa ingawa kila mteja ana risiti yake. Duka likilalamika kwamba benki imekula pesa za Jumamosi, angalia kwanza kama Jumamosi ilifungwa.

Tuje kwenye muda wa pesa kufika, maana hapo ndipo duka la taslimu huumia kimya kimya. Malipo ya kadi mara nyingi huingia siku ya kazi inayofuata au baada yake. Ya Ijumaa jioni yanaweza kungoja hadi Jumatatu au Jumanne. Chukua duka ambalo nusu ya mauzo yake yamehamia kwenye kadi na pesa inachelewa siku 2. Nusu ya mauzo mara siku 2 ni mauzo ya siku nzima, na kiasi hicho kipo nje ya duka wakati wote. Kama mtaji wa kuzungusha ni sawa na mauzo ya siku 3, theluthi moja yake haimo mkononi. Hakuna aliyeiba, hakuna kilichoharibika, lakini rafu zinaanza kuonyesha mapengo.

Kisha pesa ikifika, muuza jumla haitaki huko iliko, anataka noti. Duka linakatwa wakati wa kupokea, linakatwa tena wakati wa kutoa, na kuna nauli ya kwenda kuitoa. Kwa maoni yetu wengi huanzia pabaya. Mtu wa kwanza wa kushawishiwa ni muuza jumla, mteja atafuata. Duka linaloweza kumlipa msambazaji kutoka kwenye akaunti ile ile linalopokelea halina haja ya kugeuza pesa kuwa noti, na makato ya kutoa yanakufa. Msambazaji akikataa katakata, anza na sehemu ndogo ya mauzo na usiweke lengo kubwa. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, kilichoipa nguvu ni wakala aliyeweza kugeuza salio kuwa noti na noti kuwa salio karibu na mteja. Pesa ya kwenye simu isiyogeuzika haraka kuwa pesa ya kununulia mzigo hubaki mapambo.

Makato yenyewe yapimwe kwa faida, yasipimwe kwa mauzo. Asilimia 2 inasikika ndogo. Bidhaa inayouzwa 100 na kuacha faida ya 8, makato ya 2 yamekula robo ya faida. Ikiacha faida ya 5, yamekula asilimia 40. Ada isiyobadilika kwa kila muamala ni mbaya zaidi kwa bidhaa za bei ya chini, maana ni ile ile kwa mauzo madogo na makubwa. Wengi hujibu kwa kumwongezea bei mteja wa kadi au kuweka kiwango cha chini cha kulipa; soma mkataba kwanza, kwa kuwa mara nyingi yote mawili yamekatazwa. Haki itendeke pia: taslimu nayo ina gharama zake, kuanzia noti bandia na chenji inayokosekana hadi muda wa kuhesabu na wizi wa droo. Duka linalopoteza wateja kwa kukosa chenji linaweza kuyaona makato hayo ni nafuu.

Stika ya QR, yaani karatasi yenye msimbo wa mraba ambao mteja huuskani kwa simu ili alipe, ndiyo inayoingia kwa gharama ndogo kuliko vyote. Msimbo wenyewe ulibuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na mwaka 2017 EMVCo, chombo cha mitandao ya kadi kinachoweka viwango vya malipo, ilitoa kanuni za pamoja za kuutumia kwenye malipo. Stika haina betri, haina laini, haiharibiki mtandao ukikatika. Lakini ile ya kudumu haibebi kiasi; mteja anaandika mwenyewe, na sifuri moja ikizidi au kupungua duka linaingia kwenye kazi ya kurudishiana. Ile inayobadilika kwa kila mauzo hubeba kiasi ndani yake na kumaliza tatizo hilo, ila inahitaji skrini na intaneti upande wa duka.

Ukubwa wa stika una hesabu yake. Umbali wa kuskani ni takriban mara 10 ya upana wa msimbo, kwa hiyo wa sentimita 3 husomeka vizuri kutoka sentimita 30, na mteja anayesimama mita moja kutoka kaunta anahitaji wa sentimita 10. Acha ukingo mweupe kuzunguka msimbo. Plastiki inayong'aa chini ya taa huzuia kamera, tumia isiyong'aa. Mkwaruzo mdogo si tatizo, kwani msimbo una uwezo wa kujirekebisha: kiwango cha chini kabisa huvumilia uharibifu wa asilimia 7 hivi, cha juu asilimia 30. Jina linalotokea kwenye simu ya mteja lifanane na lililo kwenye bango la duka. Likija jina la mtu binafsi asilolijua, mteja mwangalifu anasita, na ana haki.

Utapeli wa stika ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kubandikiwa stika ya mtu mwingine juu ya yako usiku au wakati wa msongamano. Iweke ndani ya kioo au upande wa muuzaji, na kila asubuhi iskani kwa simu yako uone jina, bila kulipa. Wa pili ni ushahidi wa uongo: picha ya skrini ya jana, ujumbe uliotungwa, au programu bandia inayochora ukurasa wa muamala uliokamilika ukiwa na rangi na nembo zote. Simu ya mteja si ushahidi hata ikiwa mpya kiasi gani. Ushahidi ni salio la duka au ujumbe uliofika kwenye laini ya duka.

Na hapo ndipo maduka mengi hujifunga yenyewe. Laini inayopokea ujumbe ni ya mwenye duka, mwenye duka yuko safarini, na muuzaji kaunta hana namna ya kuthibitisha zaidi ya kumpigia. Akishachoka kupiga, anaanza kuamini picha. Omba akaunti ya muuzaji inayoona mapokezi tu, bila uwezo wa kutoa wala kurudisha. Ikiwa mtoa huduma hana kitu hicho, mpunguzie alama nyingi.

Kisanduku cha sauti kilitengenezwa kwa tatizo hilo hasa. Kimeenea India juu ya UPI, mfumo wa nchi hiyo wa kulipana papo hapo kwa simu kati ya akaunti za benki, ulioanza 2016: spika ndogo yenye laini yake, inayotangaza kiasi pesa inapoingia kweli. Picha ya skrini haiwezi kukifanya kiseme. Muuzaji hahitaji kusoma wala kushika simu akiwa na mikono michafu. Kasoro zake ni za kuzoeleka. Kinataja kiasi bila jina, hivyo wateja wawili waliolipa sawasawa wanaweza kugombea tangazo moja. Mtandao ukisuasua, tangazo linachelewa, na baadhi ya visanduku husoma malipo yaliyolundikana kwa mfululizo mawasiliano yakirudi, jambo linalowachanganya walio kaunta. Pia mtaa mzima unasikia umeuza kiasi gani; wenye maduka sehemu zisizo salama hupunguza sauti hadi kikose maana. Pamoja na hayo, kwa duka dogo tunakiweka namba moja, kikiambatana na stika. Mashine ya kadi ije baadaye, pale wateja wa kadi wanapokuwa wengi na mauzo ya kila mmoja ni makubwa kiasi cha kubeba makato.

Menyu ya simu ya kubonyeza nyota na reli inadharauliwa bila sababu. Haihitaji intaneti wala simu janja. Ukurasa wake mmoja unabeba herufi zisizozidi 182, ndiyo maana menyu hugawanywa hatua nyingi, na kila hatua ni nafasi ya kukosea namba. Muda wa kila hatua nao una kikomo. Mteja akiinua macho kutafuta namba ya duka, menyu inajifunga. Andika namba hiyo kwa tarakimu kubwa, ukizigawa makundi ya tatu tatu. Menyu ikifungwa baada ya namba ya siri kuwekwa, pesa inaweza kuwa imetoka. Kanuni ni ile ile ya mashine, angalia salio kabla ya kurudia.

Marejesho ni eneo la hatari kwenye vifaa vyote. Anayekuja akisema amelipa zaidi, arudishiwe kwenye namba au kadi ile ile aliyolipia, kamwe si nyingine, wala si kwa noti kutoka droo. Kwenye mashine ya kadi, menyu ya marejesho hulindwa na neno la siri la msimamizi, na maduka mengi huliacha lilivyotoka kwa mtoa huduma. Libadilishe siku ya kwanza.

Taslimu isitupwe nje. Julai 8, 2022 mtandao wa kampuni ya simu na intaneti ya Rogers ulizimika Kanada, na malipo ya kadi kupitia Interac, mtandao wa malipo wa nchi hiyo, yakasimama nao, katika nchi iliyozoea kadi kwa miongo mingi. Kwa upande mwingine, India ilipofuta noti za rupia 500 na 1000 Novemba 2016, watu walihamia kwenye simu kwa sababu noti hazikuwepo; duka lililokuwa na njia moja tu liliumia. Weka akiba ya chenji ya siku nzima hata kama nusu ya wateja wanalipa kwa simu, na laini mbili za kampuni tofauti kwenye mashine inayokubali mbili. Mwisho wa zamu, hesabu ya droo na ya mfumo zifanywe kila moja peke yake kabla ya kujumlishwa, la sivyo upungufu wa upande mmoja utafichwa na ziada ya upande wa pili.

Kabla ya kusaini, tafuta mambo haya kwenye mkataba: muda wa kubadilishiwa mashine mbovu, kodi ya mwezi ya kukodi mashine ikiwa miamala ni michache au haipo, nani analipia bando la laini iliyomo ndani, siku ambazo pesa huingia, kiasi ambacho mtoa huduma anaweza kukishikilia akitilia shaka muamala na kwa muda gani, na adhabu ya kuvunja mkataba mapema. Siku ya kurudisha mashine, pata karatasi iliyosainiwa yenye tarehe na namba ya kifaa iliyo nyuma yake. Kodi kwa kawaida huhesabiwa hadi siku kifaa kilipoandikwa kuwa kimepokelewa, na kilichoachwa kwa mlinzi wa ofisi hakijapokelewa.